Nakala za Akiba za Kumbukumbu za Serikali: Maelezo kwa Idara Zinazotumia Kompyuta za Linux

Wakuu wa Idara, maofisa wanaosimamia kompyuta na watumishi wote wa Serikali wanaarifiwa kuwa ukurasa wa toleo hili umetengwa kwa ajili ya kueleza namna ya kuweka programu inayochukua nakala za akiba kwa njia ya mtandao, katika mashine zinazoendeshwa kwa mfumo wa Linux. Maelezo haya yanawahusu pia wananchi wasiogusa kompyuta hata siku moja, kwani kumbukumbu zinazozungumzwa ni zao: cheti cha mtoto aliyezaliwa, hati ya shamba, mafao ya mstaafu, malipo ya mkulima aliyeuza karafuu zake. Mwananchi hana daftari la pili nyumbani. Likipotea la Serikali, ni yeye atakayetakiwa kuthibitisha upya kwamba alizaliwa, au kwamba shamba aliloachiwa na baba yake ni lake.

Zamani maadui wa kumbukumbu walikuwa mchwa, uvujaji wa mapaa na hewa ya chumvi. Maadui hao walikula daftari ukurasa kwa ukurasa, na karani mwangalifu aliweza kuliwahi. Diski ya kompyuta haina tabia hiyo. Yaweza kufanya kazi vyema asubuhi na ikafa adhuhuri na kila kilichomo. Ipo pia khatari ya mtumishi kufuta kwa bahati mbaya, ya virusi vinavyofunga mafaili na kudai fedha, na ya umeme kukatika ghafla mashine ikiwa katikati ya kuandika. Wananchi wa Unguja hawajasahau kukosekana kwa umeme kwa takriban mwezi mmoja tokea Mei 2008, na tena tokea Disemba 2009 hadi Machi 2010.

Jambo hili halichagui nchi tajiri wala masikini. Tarehe 26 Septemba 2025, moto ulioanzia katika betri uliunguza kituo cha kompyuta cha Serikali ya Korea ya Kusini katika mji wa Daejeon. Miongoni mwa vilivyoteketea ni ghala la mafaili la watumishi wa umma, lililokuwa na ukubwa wa terabaiti 858. Ghala hilo halikuwa na nakala mahali pengine, kwa hoja kwamba lilikuwa kubwa mno kunakiliwa. Nchi hiyo ni ya mbele kabisa katika utengenezaji wa vifaa vya kompyuta, lakini wingi wa vifaa haukuziba nafasi ya nakala isiyokuwepo.

NINI MAANA YA NAKALA YA AKIBA

Ifahamike kwanza kuwa nakala ya akiba ni nakala iliyotengana na asili yake, yenye tarehe yake, na inayoweza kurejeshwa. Masharti hayo matatu huenda pamoja. Idara nyingi huamini kuwa zimejilinda kwa sababu seva ina diski mbili zinazoandika mambo yale yale kwa wakati mmoja. Diski hizo husaidia moja ikiharibika, lakini si nakala ya akiba: ofisa akifuta faili, hufutika katika diski zote mbili kwa pamoja. Hali kadhalika, kunakili mafaili kwa mkono katika kifaa kidogo cha mfukoni kila Ijumaa si utaratibu wa kutegemewa, kwani hutegemea kumbukumbu ya mtu mmoja, na mtu huyo huumwa, huenda likizo na huhamishwa.

Kwa mnasaba huo ndipo hutumika programu ya mtandao. Mashine moja hupewa kazi ya kuzizungukia nyengine zote kwa ratiba, kuchukua kilichobadilika, kukihifadhi, na kuandika ni kitu gani kimechukuliwa, lini, na kimewekwa wapi. Zipo programu kadhaa za aina hiyo kwa Linux. Amanda, iliyotoka Chuo Kikuu cha Maryland nchini Marekani, ni miongoni mwa za zamani. Maelezo yanayofuata yanaihusu Bacula, ambayo Kern Sibbald alianza kuiandika mwaka 2000 na ikatolewa kwa umma mwaka 2002. Toleo lake la jumuiya hutolewa bila ya malipo ya leseni, na hupatikana tayari katika Debian.

SEHEMU ZA BACULA NA KAZI ZAKE

Bacula si programu moja bali ni kadhaa zinazosaidiana, na asiyefahamu mgawanyo huo huhangaika sana. Kwa wepesi wa kuelewa, hapa zitaitwa kwa majina ya kazi zake.

Ya kwanza ni Mkurugenzi. Huyu hukaa katika seva kuu, hushika ratiba na hutoa amri. Yeye mwenyewe hahifadhi kitu. Ya pili ni Mweka Ghala, anayepokea data na kuziandika katika diski au tepu. Ya tatu ni Wakala, anayewekwa katika kila kompyuta inayotakiwa kulindwa, na kazi yake ni kusoma mafaili na kuyapeleka. Ya nne ni Daftari, yaani hifadhidata inayoorodhesha kila faili lililochukuliwa. Kwa kawaida hutumika PostgreSQL. Ya tano ni Konsoli, dirisha la maandishi ambalo msimamizi huandika amri zake.

Mkurugenzi husikiliza katika mlango namba 9101, Wakala namba 9102 na Mweka Ghala namba 9103. Mpangilio wa mazungumzo yao ni huu: Mkurugenzi humwita Wakala na Mweka Ghala, kisha Wakala mwenyewe hufungua njia moja kwa moja hadi kwa Mweka Ghala na kumpelekea data. Kwa hivyo ukuta wa usalama wa mtandao lazima uruhusu safari hiyo ya mwisho pia. Wengi huisahau, na matokeo yake kazi huanza, hungoja, kisha hukatika bila ya kupeleka kitu.

NAMNA YA KUWEKA

Katika seva kuu yenye Debian, msimamizi aweke vifurushi vya bacula-director-pgsql, bacula-sd na bacula-console. Katika kila kompyuta ya kulindwa aweke bacula-fd peke yake. Mkurugenzi na Mweka Ghala wawe wa toleo moja. Wakala anaweza kuwa wa toleo la zamani kuliko wao, lakini asiwe wa toleo jipya zaidi. Faili za mipangilio zimo katika saraka ya /etc/bacula, nazo ni bacula-dir.conf, bacula-sd.conf, bacula-fd.conf na bconsole.conf.

Mambo manne katika faili hizo yanahitaji uangalifu wa pekee.

Kwanza, majina na nywila. Jina la Mkurugenzi lililoandikwa kwa Wakala lazima lilingane herufi kwa herufi na jina halisi la Mkurugenzi, na herufi kubwa na ndogo huhesabiwa. Nywila nayo ilingane pande zote mbili. Kila Wakala apewe nywila yake peke yake, ili ikivuja ya kompyuta moja zisifunguke zote. Kwa kuwa nywila hizo huandikwa wazi ndani ya faili, faili hizo zisisomwe na mtu mwengine isipokuwa msimamizi.

Pili, anuani. Debian huziweka programu hizi zikisikiliza katika 127.0.0.1, ambayo ni anuani ya mashine kujisemesha yenyewe. Isipobadilishwa kuwa anuani halisi ya mtandao wa ndani, hakuna mashine nyengine itakayoweza kuifikia. Aidha, katika mipangilio ya Mkurugenzi, anuani ya Mweka Ghala isiandikwe localhost. Anuani hiyo ndiyo anayopewa Wakala, na Wakala akiambiwa localhost atalitafuta ghala ndani ya kompyuta yake mwenyewe.

Tatu, mahali pa kuhifadhia. Njia ya saraka iliyoandikwa katika bacula-sd.conf ibadilishwe kuwa saraka iliyopo kweli, katika diski isiyokuwa ile yenye mfumo wa kompyuta, na imilikiwe na mtumiaji wa bacula.

Nne, orodha ya vinavyochukuliwa. Bacula, isipoamriwa vyenginevyo, haivuki kutoka sehemu moja ya diski kwenda nyengine. Ikiwa saraka ya /home ipo katika sehemu yake ya pekee, kuandika alama ya mzizi peke yake hakutoshi. Lazima /home itajwe kwa jina. Kosa hili ni baya kwa sababu halitoi sauti: kazi humalizika, taarifa husema imefanikiwa, na mafaili ya watumishi hayamo. Saraka za /proc, /sys na /tmp zitolewe, kwani hazina cha kuhifadhi.

Mipangilio ikishakamilika ikaguliwe kwa amri ya bacula-dir -t -c /etc/bacula/bacula-dir.conf kabla ya kuianzisha upya programu. Kisha msimamizi afungue bconsole, aulize hali ya kila Wakala kwa amri ya status client, na aendeshe kazi ya kwanza kwa amri ya run akiwa hapo hapo anatazama.

HIFADHIDATA ZISINAKILIWE ZIKIWA WAZI

Idara nyingi huweka kumbukumbu zao muhimu katika hifadhidata. Faili za hifadhidata inayofanya kazi hubadilika kila nukta. Wakala akizisoma wakati huo atachukua mwanzo wa saa hii na mwisho wa saa ile, na nakala hiyo huenda isifunguke. Utaratibu sahihi ni kuiamuru PostgreSQL itoe picha kamili ya data zake kwa programu ya pg_dump, na faili hilo ndilo linakiliwe. Bacula inayo nafasi ya kuandika amri inayotangulia kila kazi, inayoitwa ClientRunBeforeJob, na hapo ndipo amri ya pg_dump inapowekwa. Kosa la amri hiyo lisimamishe kazi na liripotiwe, lisipitwe kimya kimya.

RATIBA NA SAA

Mfano wa ratiba unaokuja na Bacula huchukua nakala kamili Jumapili ya kwanza ya mwezi, nakala ya tofauti Jumapili zinazobaki, na nakala ya nyongeza siku nyengine zote. Nakala kamili ina kila kitu. Ya tofauti ina yaliyobadilika tokea nakala kamili. Ya nyongeza ina yaliyobadilika tokea nakala yoyote iliyotangulia. Chukua mfano wa mashine iliyokufa Alkhamisi asubuhi, katika wiki inayofuata Jumapili ya pili ya mwezi. Kurejesha kutahitaji nakala kamili ya Jumapili ya kwanza, ya tofauti ya Jumapili ya pili, na za nyongeza za Jumatatu, Jumanne na Jumatano: jumla tano. Bacula huzipanga yenyewe kwa kusoma Daftari lake. Kwa sababu hiyo muda wa kuzitunza nakala uzidi miezi miwili, ili nakala kamili ya zamani isifutwe kabla mpya haijakamilika na kuhakikiwa.

Tahadhari moja inatuhusu sisi khasa. Saa iliyoandikwa katika ratiba hiyo ni 23:05, yaani saa 5 na dakika 5 usiku kwa hesabu yetu. Anayeandika 5:05 akikusudia usiku atakuwa ameiamuru mashine ifanye kazi saa 11 na dakika 5 alfajiri. Mashine zote ziwekwe katika majira ya Africa/Dar_es_Salaam. Aidha, kompyuta zinazozimwa baada ya saa za kazi hazina faida na ratiba ya usiku. Zipangiwe wakati wa mchana, kwa mfano saa 7, watumishi wengi wanapokwenda kusali na kula. Seva kuu na swichi za mtandao ziwe na betri za kuzishikilia umeme unapokatika, na mlinzi aelezwe ni vifaa gani havizimwi.

NAKALA IKAE WAPI

Kanuni inayofuatwa ulimwenguni ni nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja kati yake iwe mbali na jengo. Usiku wa tarehe 10 Machi 2021, moto uliteketeza jengo la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, lililohifadhi seva za wateja wengi. Wako waliolipia nakala za akiba wakakuta kuwa nakala hizo zilikuwa mahali pale pale, nazo zimeungua. Nasi Unguja tulishuhudia, tarehe 25 Disemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ikiporomoka, jengo lililosimama tokea mwaka 1883.

Kwa visiwa vyetu njia iliyo wazi ni kubadilishana: nakala ya ofisi ya Unguja itunzwe pia Pemba, na ya ofisi ya Chake Chake itunzwe pia Unguja. Hata hivyo njia ya mtandao ipimwe kwanza. Gigabaiti 100 katika njia ya megabiti 10 kwa nukta huchukua zaidi ya saa 22 hata kama hakuna mwengine anayeitumia, ilhali katika mtandao wa ndani wa megabiti 1,000 huchukua takriban robo saa. Kwa hivyo ni busara kila kisiwa kiwe na Mweka Ghala wake karibu, na nakala kamili isafirishwe kwa diski ndani ya boti, mikononi mwa ofisa aliyeandikiwa barua, ikapokewe kwa saini. Diski hiyo ikiwa haijaunganishwa na mtandao wowote, virusi havina njia ya kuifikia.

Diski inayosafiri lazima data zake zifungwe kwa fumbo, ili ikipotea bandarini siri za wananchi zisisomwe. Wakala wa Bacula anaweza kuzifunga data kabla hazijatoka katika kompyuta. Lakini inasisitizwa kuwa ufunguo ukipotea, nakala zote huwa kama zilizoungua. Ufunguo utiwe katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri, nakala mbili, katika kabati za chuma za ofisi mbili tofauti. Daftari la Bacula nalo lichukuliwe nakala kila siku baada ya kazi nyengine kumalizika, kwani ghala lisilo na daftari hutafutwa kitu kwa kupapasa.

KUJARIBU KUREJESHA

Haya yote yaliyotangulia hayana thamani bila ya jambo moja, nalo ndilo linaloachwa mara nyingi zaidi. Mwalimu wa chuo haridhiki mwanafunzi anaposema kwamba amehifadhi sura yake. Humwambia akae mbele yake aisome, tokea mwanzo hadi mwisho, na hapo ndipo inapojulikana kuhifadhi kwa kweli na kuhifadhi kwa mdomo. Nakala ya akiba nayo ni hivyo hivyo. Taarifa ya asubuhi inayosema kazi imefanikiwa ni dai tu; ushahidi ni kuirejesha.

Tarehe 31 Januari 2017, mtumishi wa kampuni ya GitLab, inayohifadhi kazi za waandishi wa programu duniani kote, alifuta kwa makosa data za seva kuu. Kampuni ilipozitafuta nakala za kila siku za hifadhidata iligundua kuwa hazikuwa zikichukuliwa: toleo la pg_dump halikulingana na toleo la hifadhidata, kwa hivyo kazi ilishindwa kila mara. Barua za kuonya zilikuwa zikitumwa lakini zikikataliwa na seva ya kupokelea. Kilichowaokoa ni nakala iliyochukuliwa kwa sababu nyengine saa 6 kabla, na data za saa hizo 6 hazikupatikana tena. Hao walikuwa mabingwa wa fani. Kilichokosekana kwao ni mtu wa kuuliza, kabla ya siku ya msiba, kama nakala inafunguka.

Kila Idara, kwa hivyo, ifanye jaribio angalau mara moja kila mwezi. Msimamizi atumie amri ya restore katika bconsole, achague kompyuta na mafaili, na ayarejeshe katika saraka nyengine, si juu ya yale yanayotumika. Kwa upande wa hifadhidata, faili la pg_dump lipakiwe katika mashine ya pembeni iliyo tupu. Kisha aitwe karani anayeijua kazi, si mtaalamu wa kompyuta, achague kumbukumbu tatu au nne kutoka katika mafaili ya karatasi na aziangalie kama zimo na ni sahihi. Muda uliotumika uandikwe, ili Mkuu wa Idara ajue kuwa siku ya balaa wananchi watasubiri saa nne au siku nne.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Mkuu wa Idara ateue kwa barua ofisa mmoja na msaidizi wake. Ofisa huyo asome taarifa ya kazi za usiku kila asubuhi, na aelewe kuwa asubuhi isiyoleta taarifa ni dalili ya ubovu, si ya salama. Aweke daftari la karatasi lenye tarehe ya kila jaribio, kilichorejeshwa, muda uliochukuliwa na saini ya karani aliyekagua. Watumishi nao waweke kazi zao katika saraka zilizotajwa katika orodha, kwani faili lililobaki juu ya kioo cha kompyuta isiyokuwa na Wakala halilindwi na yeyote.

Mwisho, Wakuu wa Idara wanaombwa wasingoje taarifa ya mafanikio kuletwa mezani, bali wadai daftari la majaribio na watazame tarehe ya mwisho iliyomo. Ikiwa tarehe hiyo ni ya miezi mingi iliyopita, au daftari halipo, basi kumbukumbu za wananchi zilizo chini ya dhamana yao hazina akiba, hata kama diski zimejaa.

Imetolewa na Ofisa Habari wa Wizara.